Kushusha pikipiki nyuma: shokamzoba fupi au kupunguza siti?

Kama pikipiki yako ni kuukuu na miguu haifiki chini, kupunguza sponji ya siti ndiyo rahisi: fundi wa viti anamaliza siku hiyo hiyo, na usukani haubadiliki. Ila makalio yatakusimulia ukifika Mtwapa.

Shokamzoba fupi zinakuachia siti nono, lakini gharama inapanda, tairi linaweza kugusa madigadi ukipakia abiria, na matuta yanakwangua ekzosi. Rekebisha ulegevu wa mnyororo upya pia. Na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno: yangu ilisimama wima mpaka upepo wa Likoni ukaiangusha.

Wa bodaboda apunguze siti tu. Anayeendesha peke yake kwenye foleni ya feri, fupi zinamfaa, mradi stendi ikatwe.