Gari inapunguza maji na hita inazingua? Jaribuni hii gereji ya Mikindani

Wadau wa Mtwara na Lindi wenye magari ya zamani, hii gereji ipo Mikindani, haina bango la maana, ukifika we uliza tu fundi anayepima rejeta utaonyeshwa. Nawapa nyota nne kwa moyo mmoja.

Gari ni RAV4 ya 1998, injini 3S. Ilikua inapunguza maji ya rejeta kidogokidogo, ukichungulia chini hamna hata tone, na mshale wa joto upo palepale katikati. Kilichokua kinaonyesha kuna tatizo ni hita, ukikanyaga mafuta inatoa moto vizuri, ukiachia mguu inapuliza baridi. Na msiniambie Mtwara na joto hili hita ya nini, nendeni Newala alfajiri mwezi wa saba au unganeni Masasi, Tunduru, Songea mpaka Njombe kipindi cha baridi, vioo vinajaa ukungu mbele huoni kitu.

Kuna sehemu mjini walitaka kufungua silinda hedi hapohapo wabadili gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku), bila kupima chochote. Wengine wakasema toa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Huyu wa Mikindani themostati alikataa kabisa kuigusa, akasema ukiitoa injini haifiki joto lake na hita ndo inakufa moja kwa moja.

Alichofanya, injini ikiwa imepoa kabisa akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akajaza presha mpaka baa 0.9, ile ile iliyoandikwa juu ya mfuniko wa rejeta, akaacha. Mshale ukawa unashuka taratiiibu, maana yake maji yanatoka mahali. Akapita hosi moja moja na tochi, akapapasa kapeti ndani chini ya dashibodi kama rejeta ndogo ya hita inavuja, kavu. Alafu akaniita, "kaka njoo uone mwenyewe". Chini kabisa ya kava la taiming belti kulikua na mstari mwembamba wa unga wa pinki, umegandana na vumbi. Wota pampu, ile inayozungusha maji ya rejeta kwenye injini! Kwenye 3S inazungushwa na taiming belti kwahiyo imejificha nyuma ya kava, ikivuja kidogo maji yanakaukia hukohuko kwa joto la injini, ndo maana chini huoni kitu. Na silinda hedi hakuiacha hivihivi, aliweka ile dawa ya bluu kwenye mdomo wa rejeta ambayo ikikutana na moshi wa injini inageuka njano, ikabaki bluu, maana yake gasketi nzima.

Hita nayo ugonjwa ulikua huohuo, maji yakipungua hewa inaingia inaenda kukaa kwenye rejeta ya hita, ukikanyaga pampu inapata nguvu ya kuyapitisha maji, ukiachia hewa inaziba.

Tukabadili wota pampu, na belti kabisa maana kava lishafunguliwa, na mfuniko wa rejeta sababu springi yake ilikua imelegea. Kulanti (dawa ya rejeta) nyekundu nusu kwa nusu na maji safi, maji ya kisima yenye chumvi hataki hata kuyasikia. Kwenye kutoa hewa ndo nikawavulia kofia, gari imepandishwa pua juu ya tuta, hita imefunguliwa mpaka mwisho, mfuniko wazi, wakasubiri bila haraka mpaka mapovu yakaisha yote. Sasa hivi hita moto muda wote na maji hayashuki.

Nyota moja nimeikata sababu spea hawaweki, pampu ilibidi iagizwe Dar ije na basi, na anayejua kupima ni huyo mmoja tu kwahiyo mpigieni kwanza, Ijumaa mchana anakua msikitini. Risiti mpaka uombe. Kupima ni 20,000 ila ukikubali watengeneze wanaikata kwenye hela ya ufundi.