Uzoefu wangu na ATR za Precision Air: pangaboi msizidharau

Waambie watu unasafiri na pangaboi, ndege ya kuendeshwa na panga, hakosekani wa kuguna. Kwake ndege ni jeti, hizi nyingine ni daladala za angani. Mimi pangaboi aina ya ATR za shirika la Precision Air nimezipanda sana, hasa Mwanza na Bukoba, na nazitetea.

Shirika lenyewe ni la nyumbani. Marehemu Michael Shirima alilianzisha Arusha, likaanza kuruka 1993 kwa kubeba watalii na ndege ndogo za kukodi. Mwaka 2003 Kenya Airways wakanunua asilimia 49, na 2011 hisa zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kuna kipindi lilinogewa na jeti, likawa na Boeing 737-300. Hazikudumu. Likabaki na ATR zake, za modeli ya 42 na ya 72, na kwa maoni yangu huko ndiko kwao. Jeti inataka abiria wengi na njia ndefu ya kurukia. Viwanja vyetu vya mikoani vingi vina upungufu wa kimojawapo, vingine vyote viwili.

Mlango wa abiria uko nyuma, mizigo inakaa mbele, karibu na marubani. Kabla hujapanda, chungulia chini ya mkia. Utaona mguu wa chuma umewekwa pale, abiria wakijazana nyuma ndege isije ikakalia mkia pua ikabaki juu. Halafu injini ya kulia: mara nyingi utaikuta inanguruma huku panga zake zimetulia tuli. Mgeni hudhani kuna hitilafu. Ni kwamba ATR haina ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ndege ikiwa imesimama, kwa hiyo panga za kulia zinafungwa breki na injini yake inafanya kazi ya jenereta. Nikiwa kwenye foleni ya kupanda huwa naiangalia hiyo tu.

Ndani viti ni viwili viwili, hakuna wa kuminywa katikati. Bawa liko juu, kwa hiyo mnapotua Mwanza miamba na ziwa unaviona vizuri, hakuna cha kukuziba. Kelele ipo, siwadanganyi. Ukikaa usawa wa panga mtetemo unausikia mpaka kwenye meno. Omba kiti cha nyuma, kuna nafuu, na kushuka unakuwa wa mwanzo. Begi la magurudumu la kuingia nalo kwenye jeti likabidhi tu, kabati za juu za ATR ni finyu.

Ukiitaja Bukoba huwezi kuiruka tarehe 6 Novemba 2022. ATR 42-500 ya shirika hili ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua, watu 19 kati ya 43 wakafariki, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Uwanja ule uko kando kabisa ya ziwa. Nikipanda kwenda Bukoba, mhudumu akianza maelezo ya usalama mimi simu naweka mfukoni, namsikiliza hadi mwisho na kuhesabu viti mpaka mlango ulipo. Kusafiri sijaacha. Dar hadi Bukoba kwa basi naijua, asanteni.

Q400 za Air Tanzania nazo ni pangaboi, zina viti 76 na zina mbio kuliko ATR: kama kilomita 660 kwa saa, ATR ni 500 na ushee. Tofauti hiyo utaiona safari ikiwa ndefu. Kwa hiyo Dar–Mwanza ukiwa na haraka, na A220, jeti ya Air Tanzania, ipo siku hiyo, ipande, sitakulaumu. Zanzibar ndiyo sioni jeti itakuokolea nini: mnakaa angani kama dakika ishirini, soda yenyewe unaimeza harakaharaka.