Uzoefu wangu na In Rainbows ya Radiohead, albamu ambayo mama alisikia malimba ndani yake

Hii albamu niko nayo toka 2013 na sijawahi kuiandikia kitu, leo naandika kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani Chamwino, Dodoma, Jumapili iliyopita, ntafika huko.

Nilikuwa mwaka wa pili UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, rumeti wangu jamaa wa Njombe alikuwa na flashi imejaa roki tupu, mimi kipindi hicho ni bongo fleva na kwaya basi, roki niliona ni makelele ya watu wenye hasira. Usiku mmoja akanipa hedifoni zake akasema sikiliza mpaka mwisho, usiruke wimbo. Nyimbo 10, dakika 42 na ushee. Nilivyomaliza nikaanza upya na asubuhi nilikuwa na test, sikujali.

Kwa ambao hawawajui, Radiohead ni Waingereza watano wa Oxfordshire waliosoma shule moja, Thom Yorke ndo anaimba, Jonny na Colin Greenwood ni ndugu wa tumbo moja, halafu Ed O'Brien kwenye gitaa na Philip Selway kwenye drams. Hii ni albamu yao ya 7. Ilitoka Oktoba 10, 2007, mkataba wao na kampuni ya muziki ya EMI ulikuwa umeshaisha wakaamua kuiweka kwenye tovuti yao wenyewe, unalipa unachotaka hata kama ni sifuri. Dunia nzima ikaongelea bei, na mpaka leo ukiitaja mtu anakumbuka hiyo ishu ya bei kuliko nyimbo zenyewe, mi naona albamu imepunjwa kabisa hapo.

Kwa sababu nyimbo zenyewe, aisee. 15 Step inafungua na mdundo wa kuhesabu tano badala ya nne, mara ya kwanza mguu unagoma kabisa, mara ya tatu mguu umeshajua unaenda wenyewe, na katikati kuna sauti za watoto wanashangilia. Nude walianza kuupiga jukwaani miaka ya 90 huko, wakawa wanauacha wanaurudia mpaka ukaja kukaa vizuri humu, na ukisikiliza besi ya Colin jinsi inavyotembea taratibu chini ya ile sauti nyembamba ya Thom unaelewa kwanini walisubiri miaka yote hiyo. Reckoner naipenda kwa drams na manyanga yanayoanza kavu kavu bila salamu, halafu vinanda vya nyuzi vinaingia baadaye polepole kama mvua ya Dom inayoanzia mbali unaiona tu kwa macho kabla haijakufikia.

Ila roho ya albamu kwangu ni Weird Fishes/Arpeggi. Magitaa matatu, kila moja lina kamstari kake kafupi kanakojirudia, hakuna hata moja linalopiga wimbo wote peke yake, wimbo unatokea pale yanapopishana. Mimi nimekulia ugogoni, kwa Wagogo wa Dodoma, nimekua nasikia malimba, zile ala za vyuma vyembamba zinazopigwa kwa vidole gumba, na zeze kwenye sherehe na pale kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, na marehemu Hukwe Zawose aliyeyapeleka malimba yetu mpaka kwenye lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, kanda zake zilikuwepo nyumbani. Kwa hiyo nilivyosikia ule wimbo mwili uliutambua kabla ya akili. Sisemi Radiohead walituiga, nasema ufundi ni ule ule, vidole vingi vinafanya kazi ndogo ndogo mpaka unasikia sauti ambayo hakuna aliyeipiga. Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu na walikuwa wananiangalia tu.

Sasa Jumapili nimepanda daladala kwenda kumsalimia mama, nimeanza albamu gari linatoka mjini, tunapita Ihumwa vumbi na mibuyu, imeisha nakaribia kushuka. Nimefika namkuta anachambua karanga uwani, nikaweka kispika changu cha blututhi nikaanza tena. Hakusema kitu nyimbo tatu zote, Bodysnatchers alikunja uso kidogo maana ina kelele kweli. Ilivyoingia ya nne akanyanyua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, nani huyo anapiga malimba?" Nikamwambia mama hayo ni magitaa, ni Wazungu hao. Akasema, "Magitaa gani yanaitikiana hivyo." Akaendelea na karanga zake. Mimi nilishindwa kumjibu, koo lilikuwa limebana.

Mapungufu yapo. Maneno ya Thom huyashiki bila kusoma, anavuta sauti mpaka konsonanti zinapotea, na kama Kiingereza chako ni cha darasani kama changu utahitaji kuyatafuta mtandaoni. House of Cards kwangu inakaa sana sehemu moja, Faust Arp ni nzuri halafu inaisha dakika mbili tu ndo umeanza kunogewa. Na kama unasikilizia spika ya simu usijisumbue, besi yote inapotea, magitaa yanakuwa kitu kimoja, tafuta hedifoni hata za elfu kumi lakini ziwe na masikio yote mawili mazima, maana Weird Fishes gitaa moja liko kushoto lingine kulia, ukikosa upande mmoja umekosa mazungumzo.

Bando haili sana, mi nimeidaunlodi kwenye simu inakaa hata nikiwa huko porini Mpwapwa hakuna mtandao. Anzia namba 1 usichanganye mpangilio, Videotape imewekwa mwisho kwa makusudi, piano na mdundo vinavutana mpaka inazimika.

Mama jana kanipigia, baada ya salamu na habari za mbuzi akauliza ule wimbo wa malimba naweza kumwekea kwenye simu yake. Ya kwake ni ya batani, nimemnunulia memori kadi.