Tathmini ya Bisibisi ya Torki ya Wheeler FAT Wrench kwa Bunduki ya Shabaha

Wapenda shabaha wengi wanaotaka kuboresha bunduki ya .22 Long Rifle wakiwa nyumbani hukimbilia triga au darubini mpya. Kwa maoni yangu waanze na skrubu mbili zinazoshikiza chuma cha bunduki (mtutu na mtambo wake) kwenye kitako, na chombo kinachoifaa kazi hiyo ni bisibisi ya torki (nguvu ya kuzungusha), ambayo hukaza skrubu mpaka kiwango ulichokichagua kisha hulia na kuachia. Wheeler FAT Wrench imetengenezwa kwa kazi ya bunduki hasa, na kipimo chake huanzia pauni-inchi (kizio cha torki) 10 hadi 65.

Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1887, ina kichwa cha takriban gramu 2.6, na zile za mashindano hutoka mtutuni zikiwa chini ya kasi ya sauti, karibu mita 330 kwa sekunde. Kwa kuwa kichwa hicho hukaa mtutuni kwa muda mrefu kuliko kile cha bunduki zenye nguvu kubwa, mtetemo wa chuma hupata nafasi ya kukipotosha, na namna chuma kinavyotetemeka hutegemea kwa sehemu jinsi kilivyobanwa kwenye kitako. Kwenye shabaha ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, kwa hiyo badiliko dogo la mahali risasi inapogonga laweza kumnyima mpigaji alama.

Ukikaza kwa mkono, huwezi kujua leo umebana kiasi gani ukilinganisha na mara iliyopita. Hapo ndipo thamani ya chombo hiki ilipo. Mtengenezaji anataja tofauti ya takriban pauni-inchi 2 juu au chini, kiasi ambacho ni kikubwa ukikaza kwa 15 na kidogo ukikaza kwa 45, lakini kwa kazi yetu uwezo wa kurudia kiwango kilekile una uzito kuliko usahihi wa tarakimu yenyewe. Kasoro ninayoiona ni kwamba miongozo ya bunduki nyingi za Ulaya huandika nyutoni-mita, kwa hiyo inabidi kugeuza: nyutoni-mita 1 ni pauni-inchi 8.85, na 5 ni takriban 44.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), na weka risasi zote mbali na meza ya kazi. Safisha nyuzi za skrubu, kwani zikiwa na mafuta, torki ileile hubana zaidi kuliko zikiwa kavu. Anza na kiwango cha chini ndani ya mipaka ya mwongozo wa bunduki yako, kaza skrubu ya mbele na ya nyuma kwa zamu, kisha piga makundi kadhaa ya risasi kumi, yaani matundu ya risasi kumi kwenye shabaha moja, kutoka kwenye egemeo thabiti, ukitumia risasi za toleo moja la kiwanda, maana matoleo hutofautiana hata yakiwa na jina moja. Panda kwa pauni-inchi 2 au 3, andika kila kipimo, na usishawishike na kundi moja la risasi tano lililokaa pamoja kwa bahati. Kwa kila anayependa mchezo huu, kuona makundi yakibana kadiri skrubu inavyokaribia kiwango chake ni furaha halisi.

Kuna jambo ambalo bisibisi hii haiwezi kulitibu, ingawa husaidia kulitambua. Simamisha bunduki, weka kidole pale chuma cha mtutu kinapokutana na kitako, kisha legeza skrubu moja taratibu huku nyingine ikiwa imekazwa. Ukihisi chuma kikiinuka au kusogea, kitako hakikikalishi sawasawa, na kila torki utakayochagua itakuwa inakipinda chuma. Dawa yake ni kukimiminia kitako gundi ngumu ya epoksi ili chuma kipate kitanda kinacholingana nacho, kazi inayotaka uvumilivu na kinga nzuri ya kuzuia gundi isishike chuma. Kitako cha mbao kina shida yake zaidi, kwa sababu mbao hufura na kunywea kulingana na unyevu wa hewa, hivyo mwenye nacho akague torki mara kwa mara.

Bisibisi hiyohiyo hutumika pia kwenye skrubu za vishikio vya darubini, ambazo mara nyingi huhitaji pauni-inchi 15 hadi 20, na ambazo watu wengi huzikaza kupita kiasi hadi bomba la darubini likabonyea. Kwa triga haifai hata kidogo: skrubu zake hurekebisha uzito na mwendo, si mbano, na hapo mwongozo wa mtengenezaji pamoja na mizani ya triga ndivyo vya kufuata, bila kushuka chini ya uzito uliowekwa.