RAID 0 kwa diski mbili za okazio: uzoefu wangu wa kuhariri video za harusi Lubumbashi

Nianze na jibu, maana najua wengi mnatafuta hilo tu. Kama kazi yako ni kusoma mafaili makubwa ya video mfululizo, kuunganisha diski mbili kwa RAID 0, yaani kuzifanya zifanye kazi kama diski moja, kunalipa. Kama unachotaka ni kompyuta iwake haraka na programu zifunguke upesi, usijisumbue, nunua SSD ndogo, ile diski isiyo na sahani ya kuzunguka.

Mimi napiga na kuhariri video za harusi, na uhariri naufanyia nyumbani, Kamalondo. Kanisani tunaweka kamera tatu za 4K. Mafaili yanatoka kwenye kamera yakiwa yamebanwa sana, na kompyuta yangu ya zamani inahema kuyafungua, kwa hiyo nayageuza kuwa ProRes 422, aina ya faili kubwa lisilobanwa sana, kabla sijaanza kukata. Hapo prosesa inapumua, mzigo unahamia kwenye diski. Kamera moja ya 4K, picha 25 kwa sekunde, inataka karibu megabaiti 60 kila sekunde. Tatu pamoja ni 180 na ushee. Diski yangu ya 1 TB, ya mizunguko 7200 kwa dakika, ilikuwa inatoa kama 150 ikiwa karibu tupu, kisha inashuka hadi chini ya 100 kadiri inavyojaa, kwa sababu njia za katikati ya sahani ni fupi kuliko zile za ukingoni. Ukicheza pembe zote tatu kwa pamoja, bibi harusi anaganda mlangoni mwa kanisa huku kwaya inaendelea kuimba.

Nikatafuta ya pili inayofanana nayo, mjini, ya okazio, yaani iliyokwisha tumika. Muuzaji aliapa ni mpya. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu palepale mezani kwake, nikaipima kwa smartmontools, programu ya kuchunguza afya ya diski: saa za kazi zaidi ya 19,000. «Papa, hii mupya yenu ilishafanya miaka mbili bila kulala.» Akacheka, akapunguza bei. Nikaichukua, kwa sababu sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu ambazo diski imeziacha na kutumia za akiba, zilikuwa sifuri, na mimi naijali namba hiyo kuliko saa.

Kuziunganisha kwenyewe hakuna cha kusimulia. Natumia Linux, programu inaitwa mdadm, amri moja halafu unaweka mfumo wa mafaili, basi. Wenye Windows nao wanaweza kufanya jambo hilohilo. Kila faili inakatwa vipande, kwangu ni vya kilobaiti 512, ambacho ndicho kipimo cha mdadm usipokigusa. Kipande kimoja kinakwenda diski hii, kinachofuata kinakwenda ile, na wakati wa kusoma zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Kipimo cha kwanza kilitoa kama megabaiti 290 kwa sekunde. Kamera tatu zinacheza bila kukwama. Nikishajaza zaidi ya robo tatu ya nafasi, kuganda kunaanza kurudi kidogokidogo, kwa hiyo sijazi.

Bodi kuu ya kompyuta yangu nayo ina RAID yake, unaiwasha kabla mfumo haujaanza. Niliiacha kwa makusudi, kwani bodi ikifa utahangaika kutafuta nyingine ya ukoo uleule ndipo data zisomeke. Umeme wetu mnaujua. Jioni moja delestaji, ule mgao wa umeme, iliisha, umeme ukarudi kwa nguvu, ukaniunguzia alimentasio, kifaa kinacholisha kompyuta umeme. Nikabeba diski zote mbili hadi kwa mdogo wangu anayekaa Katuba, tukazichomeka kwenye mashine yake bila kujali ipi ya kwanza, na mdadm ikazitambua yenyewe. Sasa nina ondulere, betri ya kuikinga kompyuta umeme ukikatika.

Kuna mambo hayakubadilika hata kidogo. Kunakili kutoka kwenye kadi ya kamera ni kulekule, kwa sababu kadi zangu zenyewe haziendi zaidi ya 90. Kutoa video ya mwisho pia, maana hapo anayechelewesha ni prosesa. Nilijaribu hata kuuweka mfumo endeshi wenyewe juu ya diski hizo mbili, na kuwaka kulibaki kwa uvivu uleule. Diski ya mizunguko 7200 inasubiri kwa wastani milisekunde 4 sahani ifike mahali pake, mbali na muda wa kichwa kusogea, na kuongeza diski ya pili hakufuti kusubiri huko. Mfumo ukauhamia kwenye SSD ya GB 240.

Halafu kuna hatari, na hii msiichukulie kwa mzaha. Watafiti watatu wa Berkeley walioandika kuhusu RAID mwaka 1988, Patterson, Gibson na Katz, walieleza ngazi ya 1 hadi ya 5. Sifuri haikuwemo. Ilikuja kuitwa hivyo baadaye, na kinga yake ni hiyo sifuri. Diski moja ikifa hupotezi nusu ya mafaili, unapoteza yote, maana kila video ina vipande pande zote mbili.

Kwangu ilitokea. Na iliyoanza kugonga haikuwa ile ya okazio, ilikuwa yangu ya zamani! Harusi ilikuwa imehaririwa nusu. Video asilia zilikuwa kwenye diski ya nje, na kadi huwa sizifuti hadi mteja apokee kazi yake. Faili la mradi, lile lenye mikato yote, linakaa kwenye SSD. Nikanunua diski nyingine, nikageuza kila kitu upya usiku kucha, asubuhi nikaendelea nilipoishia.

Oktoba, joto linapopanda, diski zikiwa zimebanana zilifika nyuzi 50. Niliacha nafasi moja wazi kati yao, feni ikizipulizia kutoka mbele, zikashuka.

Kuna wenzangu wanaotengeneza nakala nyepesi za kuhariria, wanabaki na diski moja, na kazi yao inatoka vizuri tu. Mimi rangi za gauni na ngozi napenda kuziona kamili wakati nakata, ndiyo maana nimekubali usumbufu huu. SSD ya 2 TB ikishuka hadi bei ya mfuko wangu, hizi mbili nazigeuza RAID 1, kila moja ibebe nakala ya mwenzake, zinitunzie video asilia.