Wiki 8 na krimu ya seramaidi: uso wangu ulivyopona baada ya kuuchosha kwa asidi

Maji ya kutawadhia ndiyo yaliyonijulisha. Ilikuwa alasiri, mwishoni mwa Shaaban, joto la kaskazi limetukaba hapa Tudor, Mombasa. Nikajitia maji ya kisima usoni, nikaruka kama aliyekamuliwa ndimu kwenye kidonda. Maji matupu! Nilipojitazama kwenye kioo, paji la uso linang'aa kama limepakwa vanishi, na kando ya pua na mdomo ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo.

Naeleza nilivyofika hapo kwa sababu najua kina dada wengi mjini wako njia ileile. Harusi ya mtoto wa khalati yangu ilikuwa imekaribia, nami nikautaka uso laini upesi. Kila usiku nilipaka tona ya asidi ya glaikoliki, ambayo hubandua ngozi iliyokufa, juu yake seramu ya retinoli, aina ya vitamini A inayoharakisha ngozi kujibadilisha. Asubuhi sabuni ya povu ya kuondoa mafuta, na mara mbili kwa wiki skrabu ya chembechembe. Siku za mwanzo nilisifiwa, basi nikazidisha. Ikaja siku ya singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kujisugua mwili kabla ya harusi. Wenzangu walijisugua mikono na miguu, mimi nikajipaka hadi usoni, liwa na karafuu na maji ya waridi. Singo haina kosa lolote, nyanya zetu wameitumia maisha yao yote na ngozi zao nzima. Mimi niliipaka juu ya ngozi niliyokuwa nimeshaimenya, na karafuu kwenye ngozi iliyo wazi ni moto.

Baada ya harusi kila kitu kikawa kinanichoma, hata losheni ya mtoto. Jasho likitoka nawashwa. Kisha yakaanza mabaka meusi mashavuni, na hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa kubwa zaidi. Katika duka moja mjini nilionyeshwa kikopo kisicho na lebo, nikaambiwa, "Dada, hii wiki moja tu, uso unakuwa mwororo." Nashukuru nilikirudisha. Krimu za kuchanganywa namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe), au haidrokwinoni au zebaki, ambazo hung'arisha ngozi. Steroidi hutuliza haraka kweli, lakini huifanya ngozi kuwa nyembamba, na siku ukiacha uso hulipuka upya. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, ila madukani bado utaviona.

Daktari wa ngozi alinisikiliza, akachukua karatasi akachora ukuta. Mfano wa matofali na udongo ulienezwa na daktari wa ngozi wa Marekani, Peter Elias, lakini mimi niliuelewa kwa nyumba za Mji wa Kale. Seli za juu za ngozi ni kama yale mawe ya matumbawe, na kinachoyashika ni chokaa. Chokaa cha ngozi ni mafuta ya aina tatu: seramaidi, ambazo ni karibu nusu, kisha kolesteroli, kisha asidi za mafuta. Asidi za kila usiku na sabuni kali huking'oa chokaa. Maji ya ndani yanatoka, na kila cha nje kinaingia, sabuni, manukato, chumvi ya jasho. Ndiyo maana maji yalinichoma. Akaniambia niache kila kitu, halafu nitumie krimu moja yenye seramaidi, na vaselini.

Krimu niliyonunua ni gramu 340 kwa shilingi 2,600. Ni nyeupe, nzito, haina harufu hata kidogo. Kwenye lebo nilitafuta gliserini mwanzoni, kisha seramaidi, ambazo huandikwa kwa herufi kama NP, AP na EOP, na kolesteroli pamoja nazo. Usishtuke ukizikuta seramaidi karibu na mwisho wa orodha, kwa kawaida hutiwa kidogo. Muhimu ni ziwe na wenzao, kolesteroli na asidi za mafuta, maana mafuta ya aina moja peke yake hayaujengi ule ukuta sawasawa. Chapa siitaji kwa makusudi. Wiki ya 5 krimu ya kwanza iliisha, nikanunua ya kampuni nyingine yenye viambato hivyohivyo, na uso wangu haukujua tofauti.

Nilianza siku ya kwanza ya Ramadhani, na mwezi huo ukawa kalenda yangu. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban siku 28 kujibadilisha, kwa hiyo nilijiambia sitahukumu kitu mpaka Idi. Tatizo langu lilikuwa udhu. Mara tano kwa siku uso unapata maji, na maji yakikauka yenyewe ngozi hubaki kavu kuliko mwanzo. Nikamuuliza daktari, akanipa jibu ambalo ndilo lililoniponya kuliko yote: paka krimu uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika mbili tatu. Basi kila baada ya kutawadha nilijifuta kwa kugusagusa na taulo, bila kusugua, nikapaka krimu kiasi cha harage. Udhu uliokuwa unanikausha ukawa ndio ratiba ya tiba. Kikopo kidogo nilitembea nacho kwenye mkoba, hata kwenye feri ya Likoni.

Vaselini nilipaka baada ya tarawehe tu, kwa sababu ikikaa nzito huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi. Kabla ya alfajiri naiosha. Na hapa nilikosea. Siku za mwanzo niliipaka uso mzima, na usiku wa kaskazi bila feni umeme ukikatika si mchezo, asubuhi nikaamka na vipele vya joto paji zima. Vaselini haileti maji, inayafungia yaliyopo yasitoke, na katika joto letu inafungia na jasho pia. Nikabaki kuipaka kwenye pembe za pua na mdomo tu, palipokuwa pamepasuka. Vipele vikaisha siku tatu. Kikopo hakikufika shilingi 300, na kama fedha ni tatizo ningekuambia uanze na hicho.

Siku ya 4 au ya 5 maji yaliacha kunichoma. Ilinijia kwa mshangao, katikati ya kutawadha, nikarudia kujimwagia mara ya pili nihakikishe. Kubanduka kuliisha wiki ya pili. Wiki ya tatu uso ulirudia hali moja tu, mkavu, na nikajua ni maji. Mfereji wetu ulikuwa umekauka siku kadhaa, tukawa tunatumia kisima tu, na maji yetu ya kisima ni ya chumvi. Tena ni maji magumu, yaani yenye madini mengi, na hayo yakikutana na sabuni huacha utando kwenye ngozi. Tangu hapo najiosha uso kwa sabuni mara moja tu kwa siku, jioni, tena sabuni laini ya maji. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu hupungua), na sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya mtungi ya muuza maji, kikombe kimoja kinatosha.

Khalati yangu alinisisitizia mafuta ya nazi. Mikononi na miguuni nayasifu, nayapaka mpaka leo, lakini usoni yalinitoa chunusi ndani ya siku chache. Zeituni nimeiacha jikoni. Ina asidi ya oleiki nyingi, ambayo huweza kukilegeza kile chokaa tunachohangaika kukirudisha. Najua akina mama wengi hapa huwakanda watoto wachanga kwa zeituni, na mimi mwenyewe nilikandwa nayo. Kwa ngozi iliyochunika, sitaipaka tena.

Krimu ya kukinga jua sikuweza kuivumilia mpaka wiki ya 4. Kabla ya hapo nilitembea na mwavuli na mtandio mkubwa. Sasa napaka ya zinki yenye rangi ya kahawia, maana ile nyeupe huniacha nimepauka kama nimepakwa unga.

Kasoro za krimu? Mchana wa joto, chini ya nikabu, ni nzito, na saa saba mchana uso unateleza. Nilijaribu kupunguza kiasi asubuhi na kuongeza usiku, ikawa afadhali. Na haiondoi mabaka. Wiki 8 zimepita, ngozi ni laini, haiwashi, vipodozi havinichomi, lakini mabaka mawili kando ya mdomo yapo palepale, yamefifia kidogo tu. Daktari amesema tutayagusa kwa asidi ya azelaiki, dawa ya kufifisha mabaka, polepole, mara mbili kwa wiki, baada ya ngozi kutulia miezi mitatu kamili. Ninangoja. Na kama uso wako unatoa majimaji, umevimba au una homa, usianze na krimu yoyote niliyoitaja hapa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.