Kutuma pesa kupitia Wise kutoka Leipzig hadi Voi: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu

Mshahara wangu wa kwanza wa uuguzi hapa Leipzig ulipoingia, nilikwenda kwenye tawi la benki na kutuma yuro 200 kwa mama yangu, Voi, kupitia akaunti yake ya benki. Nilikuwa nimemwambia atarajie shilingi elfu thelathini hivi. Siku ya nne alinipigia simu akaniuliza, kwa upole uliojaa wasiwasi, “Mwanangu, mbona huku zimeingia elfu ishirini na tano?” Hakuna aliyeziiba. Benki iliyotuma ilitoza ada yake, benki ya katikati ambayo sikuwa na habari nayo ikakata chake, benki iliyopokea nayo ikakata, na kabla ya makato hayo yote yuro zangu zilikuwa zimebadilishwa kwa kiwango kilicho chini ya kile nilichokiona mtandaoni asubuhi ile. Katika hayo yote, mimi nilikuwa nimeonyeshwa ada moja tu.

Tangu mwezi uliofuata nimekuwa nikitumia Wise, kampuni ya kutuma pesa nje ya nchi kwa njia ya mtandao, na naiandikia tathmini hii kwa ajili ya Wakenya wanaoendelea kuja Ujerumani, hasa baada ya mkataba wa uhamiaji na kazi uliotiwa saini Berlin mnamo Septemba 2024. Wengi huwasili wakiwa na uzoefu mkubwa wa M-Pesa, kisha wanakuta kwamba katika nchi tajiri kama hii inaweza kumchukua mtu wiki kadhaa kabla hajapata mahali pa kuwekea mshahara wake.

Kipimo changu ni kimoja: ni shilingi ngapi zinazoingia kwenye simu ya mama kwa kila yuro inayotoka kwangu. Kipimo hicho nimekichagua kwa sababu neno “bila ada” limewapoteza watu wengi. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni mfano tu. Ikiwa kiwango cha kati cha soko, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza fedha, ni shilingi 150 kwa yuro moja, yuro 200 ni shilingi 30,000. Kampuni inayotangaza kwamba haitozi chochote lakini inabadilisha kwa shilingi 144 itamfikishia mama shilingi 28,800. Ile inayokata yuro 3 waziwazi kisha ikabadilisha yuro 197 zilizobaki kwa 150 itamfikishia shilingi 29,550. Tofauti ni shilingi 750 kwa muamala mmoja, na kwa anayetuma kila mwezi ni shilingi 9,000 kwa mwaka. Hapo ndipo Wise inapostahili sifa: hutumia kiwango cha kati, ada yake huiweka peke yake mbele ya macho yako kabla hujathibitisha, na kwa muda wote niliotuma, kiasi kilichoandikwa kwenye skrini ndicho kilichofika.

Namna inavyofanya kazi inaeleza unafuu huo. Kampuni ilianzishwa London mwaka 2011 na Waestonia wawili, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann. Mmoja alikuwa akilipwa kwa yuro huku akiishi kwa pauni, na mwingine alikuwa akilipwa kwa pauni huku akiwa na mkopo wa nyumba Estonia, kwa hiyo wakawa wanabadilishana wao kwa wao kwa kiwango cha kati bila kuipitisha fedha mpakani. Hadi leo msingi ni huo: yuro zangu huingia kwenye akaunti ya kampuni hapa Ulaya, na shilingi hutolewa kwenye fungu lililoko Kenya. Mlolongo wa benki za katikati, ambao ndio uliokula pesa za mama mwezi ule, haupo.

Upande wa mapokezi ni mwepesi. Unaandika nambari ya simu ya M-Pesa na jina kamili la mpokeaji, unalipa kutoka akaunti yako ya benki, na mama anapata ujumbe. Miamala yangu mingi imefika kabla sijamaliza kunywa chai, jambo ambalo limesaidiwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya malipo ya papo hapo, inayozilazimu benki za nchi za yuro kuyapokea tangu Januari 2025 na kuyatuma tangu Oktoba mwaka huohuo, bila kuyatoza zaidi ya malipo ya kawaida. Ukilipia kwa kadi ya mkopo ada hupanda, kwa hiyo lipia kutoka akaunti. Kwa karo au fedha za ujenzi kumbuka kwamba M-Pesa ina ukomo wa shilingi 250,000 kwa muamala na salio lisilozidi 500,000. Kiasi kikubwa kipelekwe benki. Hesabu pia gharama ya kutoa kwa wakala, maana mama akitoa elfu thelathini anakatwa karibu shilingi 200, na ni vyema umwongezee.

Kwa kazi hii ya kutuma, ningeipa Wise nyota tano bila kusita. Lakini Wise hutoa pia akaunti ya kuweka pesa, na kama akaunti ya pekee ya mgeni, ningeipa mbili, na sababu zake nataka kuzieleza kwa urefu kwa kuwa ndizo zinazowaumiza wanaofika.

Kwanza, Wise kwa mteja wa Ulaya si benki ya amana. Inalazimika kuzitenga fedha za wateja na zake yenyewe, lakini dhamana ya amana ya yuro 100,000, ambayo humlinda mwenye akaunti katika benki ya Ujerumani iwapo benki itafilisika, haihusu salio hilo. Pesa za kupita, ziache zipite, ila akiba ya miaka miwili usiiweke humo.

Pili, akaunti ya yuro unayopewa huwa na IBAN, yaani nambari ya akaunti ya kimataifa, ya Ubelgiji, inayoanza na BE. Kisheria hilo halipaswi kuwa tatizo: kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 260 ya mwaka 2012 inamkataza mwajiri au mtoa huduma kuchagua ni nchi gani ya eneo la malipo la pamoja akaunti yako iwe. Katika maisha ya kila siku, ofisi ya mishahara niliyokutana nayo ilinirudishia fomu ikisema mfumo wao unapokea nambari inayoanza na DE tu. Nilikuwa mgeni, katika kipindi cha majaribio kazini, na Kijerumani changu kilikuwa cha kuhesabu maneno. Nilijua haki ilikuwa upande wangu na bado nilinyamaza, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Naamini wengi hunyamaza hivyo hivyo, na hilo linanikera hadi leo.

Njia iliyonisaidia ni akaunti ya msingi, ambayo Wajerumani huiita Basiskonto. Tangu Juni 2016 kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata mwomba hifadhi na asiye na makazi ya kudumu, ana haki ya kufunguliwa akaunti hiyo na benki inayohudumia umma, na benki inatakiwa kujibu ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea ombi lililokamilika. Ikikukataa, unaweza kupeleka shauri BaFin, mamlaka inayozisimamia benki. Si ya bure, na ada za mwezi hutofautiana sana, kwa hiyo uliza benki mbili tatu. Nilipoitaja haki hii kwa jina lake kaunta, mazungumzo yalibadilika mara moja.

Jambo la uthibitisho nalo lisikushtue. Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji fedha, mnamo Februari 2024, na mnamo Juni 2025 Tume ya Ulaya ikaijumuisha katika orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya utakatishaji fedha. Ndiyo maana taasisi za fedha hapa huuliza chanzo cha pesa na uhusiano wako na mpokeaji hata unapotuma kiasi kidogo. Weka tayari hati za mshahara, mkataba wa kazi na cheti cha kusajili makazi, na hakikisha jina uliloliandika ni lile lililosajiliwa kwenye laini. Laini ya mama ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake la kabla ya ndoa, ambalo mimi silitumii kabisa, na ilitubidi tulichunguze kwenye kitambulisho chake tukiwa kwenye simu, herufi kwa herufi, kabla sijabonyeza.

Kila siku ya mshahara bado ninalinganisha kampuni tatu kwa kiasi kilekile na katika saa ileile. Mara moja kampuni nyingine iliipita Wise kwa zaidi ya shilingi 300, kwa kiwango cha kumkaribisha mteja mpya. Nilikitumia. Mwezi uliofuata kiwango hicho hakikuwepo tena, nami nikarudi nilikotoka.